Nguo Saba za Mtoto wa Wiki Tisa

Mtaani kwetu yupo fundi wa nguo ambaye watu humwita Sentimita. Jina hilo alipewa na wateja wake, nusu kwa heshima na nusu kwa kero, kwa sababu hakukubali kukata kitambaa kabla ya kumpima mwenye nguo, wala hakutosheka kumpima mara moja. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba wanayoishi: cherehani mbili, meza ya kukatia iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi, na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Mimi ni jirani yake wa ukuta mmoja. Nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, na katika miaka yangu ya mwisho kazini nusu ya sare zilizokaa mbele yangu zilikuwa zimetoka mikononi mwake.

Namkumbuka mama mmoja wa mapacha, siku niliyokwenda kuchukua sketi yangu.

"Fundi, hawa wanangu washonee kubwa kidogo, wakue nazo."

"Kubwa kiasi gani?"

"Za miaka miwili mitatu mbele."

"Dada, mimi nashona nguo. Mahema yana mafundi wake."

"Lakini watoto wanakua!"

"Wanakua, ndiyo. Na wakikua uwalete. Mimi na tepu yangu tupo hapa."

"Wewe na hiyo tepu! Si mngeoana tu?"

"Hata mume wangu nilimpima kwanza," alijibu Sentimita, huku sindano ikiwa mdomoni, na mama mapacha akacheka mpaka akaegemea kioo.

Kauli hiyo, *mimi na tepu yangu tupo hapa*, alikuwa akiirudia kila mwanzo wa mwaka wa shule. Hakumshonea mtoto nguo ya umri ambao hajaufikia. Naomba msomaji aiweke kauli hiyo akilini, kama mimi nilivyopaswa kuiweka.

Sentimita alijifungua mtoto wa kike, wa kwanza. Mumewe ni fundi rangi, mtu mpole ambaye hata siku za mapumziko huwa na madoa meupe masikioni. Mama wa huyo mume alikuja kumsaidia mkwe wake, na ndiye aliyempa mtoto jina la utani. Alimwinua baada ya kuogeshwa, akasema, "Hiki ndicho kifungo kilichopungua kwenye shati letu." Tangu siku hiyo mtoto akaitwa Kifungo, na mama yake Mama Kifungo.

Wiki ya kwanza Mama Kifungo alilia mara kwa mara. Mama mkwe alisema ni kawaida, na kwa hilo hakukosea. Wanawake wengi hulia siku chache baada ya kujifungua, kisha wingu likapita. Kwake kilio kilikoma, wingu likabaki. Alimnyonyesha mtoto kwa saa, akamwogesha kwa saa, akambadilisha nepi kabla haijalowa sawasawa. Mtoto akilala, yeye alikaa kitini akitazama mlango. Cherehani ilianza tena kusikika mapema mno, wiki ya nne, lakini zamani alikuwa akiimba chini chini anaposhona, na sasa nilisikia chuma peke yake. Siku moja nilimpelekea chai, akaniambia, "Mwalimu, mtoto huyu alistahili mama mwingine." Nilicheka. Nikamjibu kwamba kila mzazi husema hivyo. Nilikuwa nimezaa mara tatu na kulea watoto wa watu maisha yangu yote, na jibu nililopata kumpa lilikuwa hilo.

Jumamosi moja asubuhi, Kifungo akiwa na wiki tisa, mama mkwe aliniita kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mwalimu! Njoo uone maajabu. Nimepata mkwe, sijapata mtu wa kawaida."

Alinipeleka chumbani, akafungua kabati. Ndani yake zilining'inia nguo saba za mtoto wa kike, zimepangwa kuanzia fupi hadi ndefu kama watoto kwenye mstari wa asubuhi. Kila moja ilibandikwa kipande cha kitambaa cheupe chenye maandishi ya wino. Gauni la kwanza liliandikwa *mwaka mmoja*. La pili, *miaka miwili*. Zikaendelea hivyo mpaka ya saba, ambayo ilikuwa sare ya shule niliyoifundisha, rangi ileile ya samawati, mifuko miwili, mikunjo iliyonyooka kama mistari ya daftari. Haikuwa na kola. Kwenye kibandiko chake alikuwa ameandika: *Darasa la kwanza. Pindo lina akiba ya sentimita sita. Atakayemvalisha alikunjue kadiri atakavyorefuka.*

"Umeona?" alisema mama mkwe, akiupapasa mshono. "Mtoto hajaota jino, sare ipo! Mwanamke wa namna hii utasema nini?"

Nilisema nilichosema. Nilimgeukia Sentimita, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto begani, nikamwambia, "Hongera, mwanangu. Hii ndiyo akili ya mzazi."

"Asante, Mwalimu," alijibu. "Imebaki kola tu."

Nikarudi kwangu kuosha vyombo.

Katika kazi ya kusahihisha madaftari nilijizoesha kutazama vitu viwili: kile mtoto alichokiandika, na kile alichokiruka. Mikono yangu ilikuwa ndani ya karai, nami nilikuwa nikiyapitia yale maandishi saba kichwani kwa kuyafurahia, nilipofika kwenye neno *atakayemvalisha*. Nikalirudia. Mtu anayemvalisha mtoto wake mwenyewe hajiandikii maelekezo ya pindo. Na fundi huyu, aliyemkatalia kila mzazi nguo ya miaka ya mbele kwa sababu yeye na tepu yake wapo, alikuwa amekata nguo za miaka saba kwa mtoto ambaye hajawahi kukaa. Nilipozinduka, maji ya bomba yalikuwa yamejaa karai, yamevuka ukingo wa meza, yananilowesha miguu. Sikuwa nimeyasikia.

Nilitoka na aproni yangu, mikono ikinichuruzika. Mama mkwe alikuwa uani akifua nepi. Sentimita alikuwa karakana, mtoto amelala kwenye kikapu kando ya meza, na mbele yake kulikuwa na kipande cheupe kilichokatwa umbo la kola. Niliufunga mlango wa barabarani, nikavuta kiti, nikakaa karibu naye kiasi cha magoti kugusana.

"Mwanangu, nina swali. Jibu lolote utakalonipa halitanitoa kwenye kiti hiki. Nguo zile, nani atamvalisha Kifungo?"

"Bibi yake." Alinyoosha kola kwa kidole. "Au mke mwingine, baba yake akioa."

"Na wewe utakuwa wapi?"

Aliinyoosha kola tena. Niliogopa swali lililofuata kuliko nilivyowahi kuogopa neno lolote. Nilidhani nikilitamka nitakuwa nimempa wazo ambalo hakuwa nalo.

"Unafikiria kufa?"

"Kila siku," alisema, kwa sauti ileile aliyokuwa akinitajia kipimo cha kiuno. "Nilitaka nimalize kola kwanza. Sipendi kumwachia mtu kazi nusu."

"Ungeimaliza lini?"

"Leo jioni."

Nimemzika mume, nimezika dada, nimewahi kuona paa la darasa likiondoka na upepo watoto wakiwa ndani. Sijawahi kupigwa na kitu kama maneno yale mawili, *leo jioni*, yaliyosemwa saa sita mchana, huku jua likiingia na mtoto akikoroma kikapuni. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Nami muda mfupi kabla nilikuwa nimezitazama zile nguo na kuzisifu.

"Nipe hiyo kola," nilimwambia.

Alinitazama kama ambaye haelewi lugha. Kisha akanipa. Niliikunja mara mbili, nikaitia mfukoni mwa aproni.

"Basi haimaliziki leo. Na jambo hili sitalificha. Nampigia mumeo simu."

"Atanichukia, Mwalimu."

"Akikuchukia atanikuta mimi hapa."

Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ya kwanza, bila sauti, machozi yakidondokea kwenye tepu iliyokuwa shingoni mwake.

Mumewe alifika na brashi mkononi. Alikuwa amesahau kuiweka chini.

"Shikamoo, Mwalimu. Mbona mmekaa kama mnasubiri matokeo ya mtihani?"

Nilimweleza kwa maneno machache, kwa sababu mambo mazito hayafai kuzungushwa. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetaniwa vibaya.

"Huyu? Huyu aliyeshona nguo saba?"

"Kwa sababu ameshona nguo saba," nilisema. "Mumeo wa miaka yote hii, umewahi kumwona akimshonea mtoto asiyeweza kusimama mbele ya kioo?" Hata ulimi wangu ulikuwa umechanganyikiwa. Nilitaka kusema *mkeo*, na hakuna aliyenisahihisha.

Aligeuka akamtazama mkewe, halafu mlango wa chumbani, halafu mkewe tena. Alikaa sakafuni palepale, katikati ya vipande vya kitambaa, na brashi ikaacha mstari mweupe kwenye suruali yake.

Mama mkwe alikuwa ameingia na nepi iliyolowa mkononi. Alikuwa amesikia.

"Mungu apishe mbali! Kufa kwa lipi? Mtoto mzima, mume hampigi, chakula kipo. Ajikaze! Sisi tulizaa leo, kesho kutwa tupo shambani. Wasichana wa siku hizi kila kitu..."

"Mama, nyamaza," alisema mwanawe.

"Sinyamazi! Katika ukoo wetu hakuna..."

Hapo alinyamaza mwenyewe. Nepi ilidondosha maji sakafuni, tone baada ya tone. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyefungua mlango wa chumba alichoapa hakipo.

"Miezi minne," alisema.

"Nini, Mama?"

"Mimi. Miezi minne. Nilikuwa namlaza mtoto mkekani, natazama ukuta. Walisema nina kiburi, nimemkataa mtoto. Dada yangu ndiye aliyemnyonyesha. Kila asubuhi nilikuwa natafuta sababu ya kuamka, siioni."

"Mtoto yupi?"

"Wewe."

Fundi rangi alimgeukia mama yake. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, na ndiyo kwanza anasikia.

"Kwa nini hukuwahi kusema?"

"Ningemwambia nani? Halikuwa hata na jina." Kisha akapiga magoti mbele ya mkwe wake, yeye mtu mzima wa umri ule. "Mwanangu, nilikuona. Tangu wiki ya pili nilikuona, nikajiambia si hilo, si hilo. Nikaanza kuwaonyesha watu nguo. Nisamehe."

Sentimita alimshika mkono wenye nepi.

Tulikwenda hospitali mchana uleule, sisi wote wanne na Kifungo, kwenye wodi ya wazazi ambako alijifungulia. Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke mfupi aliyechomeka kalamu kwenye nywele. Nilitazamia ashtuke kama sisi. Hakushtuka, na huko kutoshtuka kwake ndiko kulikonishangaza zaidi. Alimkalisha Sentimita, akatoa karatasi ya maswali, akamuuliza moja baada ya jingine: usingizi, chakula, hofu, kujilaumu, na lile swali nililoliogopa mimi. Aliliuliza kama anavyouliza uzito wa mtoto.

Alipomaliza alituita ndani.

"Hii ni sonona baada ya kujifungua. Ni ugonjwa, na unatibika. Nimeona wengi wakiingia hapa hivi, na nimeona wengi wakipona. Si uvivu, wala laana, wala si kwamba hampendi mtoto."

"Lakini alitaka kumwacha," alisema mumewe.

"Alidhani anamsaidia. Ugonjwa ndivyo unavyomnong'oneza mtu. Asiyempenda mtoto hamshonei sare."

Walimlaza siku nne, na mtoto ubavuni pake. Daktari alimchagulia dawa inayofaa kwa mama anayenyonyesha, akamwonya asiiache bila kumuuliza hata akijisikia vizuri, na akamwambia wazi kwamba nafuu itachukua wiki kadhaa. Muuguzi naye alitupa kazi zetu. Asiachwe peke yake kwa sasa. Alale usingizi wa kushiba, na mtu mwingine ambebe mtoto wakati huo. Dawa za nyumbani na vitu vyenye makali viwekwe mbali. Neno *jikaze* lisisikike tena nyumbani mle. Akirudia kusema habari ya kufa, aletwe saa hiyohiyo, pasingojwe asubuhi.

"Na wewe, baba, unalala?" alimuuliza fundi rangi ghafla.

"Mimi?"

"Wewe. Akina baba nao huumwa, ila wao hawaji kupimwa uzito wa mtoto, kwa hiyo siwaoni."

Nilipobaki na muuguzi ukumbini, nilikiri kwake kosa langu. "Nilimuuliza moja kwa moja. Naogopa nilimfundisha."

"Mwalimu, wazo hilo hafundishwi mtu kwa kuulizwa. Alikuwa amebaki nalo peke yake chumbani. Ulibisha hodi."

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Wiki ya tatu nyumbani alinikasirikia, akasimama uani na kuniambia mbele ya mama mkwe, "Umenitangaza, Mwalimu. Mtaa mzima unanitazama kama kioo kilichopasuka." Aliingia ndani, akatoka tena.

"Kola yangu iko wapi?"

"Ninayo."

Alivuta pumzi. "Usinipe."

"Sikupi."

"Hata nikiomba."

"Hata ukiomba."

Jioni hiyohiyo mumewe alimrudisha hospitali, dawa ikaongezwa kidogo, na sare ile isiyo na kola ikahamia kwenye sanduku langu la nguo, mama mkwe akiwa amependekeza tuichome moto na muuguzi akiwa amekataa. "Ni kazi yake," alisema. "Ataamua mwenyewe siku akiweza kuamua."

Kila Alhamisi Mama Kifungo alikwenda kwenye chumba kidogo nyuma ya kliniki, ambako akina mama wenye ugonjwa huo hukaa duara na kuzungumza. Mwezi wa pili wanaume waliitwa nao. Fundi rangi alirudi kutoka huko akiwa kama aliyemwagiwa maji.

"Mwalimu, unamjua yule wa duka la rangi? Anayenichanganyia rangi? Miaka sita! Mkewe alipitia hili hili, mtoto wa pili. Miaka sita tunaongea rangi ya krimu na rangi ya maziwa, hakuwahi kusema."

"Nawe uliwahi kumwambia?"

"Ningeanzia wapi?" Kisha akacheka, mara ya kwanza baada ya majuma mengi. "Leo alisema niende Jumatatu, atanipa kopo bure. Nikamwambia anipe habari kwanza."

Kuimba ndiko kulikorudi mwisho. Nilikuwa nikikunja shuka, Kifungo akiwa na miezi saba, nikasikia kitu ukutani nikadhani ni redio. Nikasogeza sikio. Ilikuwa cherehani, na chini yake sauti ya mtu. Nilikaa kitandani na shuka mapajani, nisiamini, nikihofu kukohoa isije ikakatika.

Siku Kifungo alipotimiza mwaka, tulikaa karakana, sisi watu wazima wanne, na mtoto akiwa amesimama akishikilia mguu wa cherehani. Mama mkwe alilileta lile gauni la kwanza la kabatini, kwa woga, kama anayebeba yai. Sentimita alikitazama kibandiko chake, akakitoa, akamvalisha binti yake. Mikono iliishia karibu na viwiko. Kifua kilikataa kufunga.

Alivua tepu shingoni, akapima bega, akapima mkono, akapima tena.

"Nimekosea sentimita tano," alisema polepole. "Mimi! Tano!"

"Mtoto mnene kama babu yake," alisema mama mkwe.

"Si mnene, Mama. Mimi ndiye niliyekisia." Alikuwa akicheka na kulia kwa wakati mmoja, na sote tulimtazama tusijue tufanye lipi. Mwaka mmoja tu mbele, na tayari alikuwa amekosea. Zile nguo sita nyingine zingemfaa mtoto ambaye hakuna aliyemjua.

"Mwalimu," alisema, "lete ile sare. Na kola."

Nilimtazama mumewe, nikamtazama yeye. Kisha nikaenda kuzileta, nikarudi nikakaa kwenye kiti kilekile cha siku ile. Alichukua mkasi mdogo, akaanza kufumua: pindo, mifuko, mikunjo, mshono mmoja baada ya mwingine, mpaka juu ya meza pakabaki vipande bapa vya kitambaa cha samawati na nyuzi. Kola aliiweka juu yake.

Hapohapo mlango wa barabarani ulifunguliwa na mama mapacha akaingia akiwavuta wanawe, suruali zao zikiwa zimepanda juu ya vifundo vya miguu.

"Fundi, safari hii hunikatalii. Washonee za miaka mitatu mbele, nimechoka kuja kwako."

Sentimita alijifuta macho kwa ncha ya tepu.

"Simama wima, wewe wa kwanza," alimwambia pacha mmoja, akapiga goti na kuanza kumpima mguu. "Dada, utachoka sana. Wakikua uwalete tena."

"Na nikiwaleta?"

"Mimi na tepu yangu tupo hapa."

"Haya, maneno yako yamerudi," alisema mama mapacha, akaegemea kioo. Hakujua kwa nini fundi rangi alitoka nje ghafla, wala kwa nini mama mkwe alimnyakua Kifungo na kumkumbatia mpaka mtoto akapiga kelele.